«Hypertensive» na «hypotensive»: tofauti ya silabi moja

Baadhi ya vivumishi vya Kiingereza hukaribiana mno kwa sauti, ilhali maana zake hupingana. Mfano ulio wazi katika lugha ya utabibu ni «hypertensive» na «hypotensive». Viambishi vyake vya awali vimetoka katika Kigiriki: «hyper» ni juu ya, au kupita kiasi, «hypo» ni chini ya. Kivumishi cha kwanza humhusu mtu ambaye shinikizo lake la damu limezidi, kwa kawaida kuanzia 140/90. Cha pili humhusu yule ambaye lake limepungua mno, kwa kawaida chini ya 90/60.

Msomaji aliyezoea Kifaransa hasumbuki sana, kwa kuwa katika «hypertendu» na «hypotendu» sauti r husikika waziwazi. Katika matamshi sanifu ya Uingereza, r hiyo haitamkwi mbele ya konsonanti. Basi tofauti yote hubaki katika irabu ya silabi ya pili, isiyo na mkazo. Neno likisemwa kwa haraka, au kwa simu, huweza kusikika kinyume. Na mgonjwa ambaye shinikizo lake limeshuka, akipewa dawa ya kulishusha zaidi, huenda akazirai, hata kupoteza maisha.

Tatizo la pili limo katika matumizi yenyewe. «Hypotensive» husemwa juu ya mgonjwa na juu ya dawa pia: mgonjwa ana shinikizo la chini, dawa huliteremsha. Kwa hiyo dawa iitwayo «hypotensive» hupewa mgonjwa aitwaye «hypertensive». Mwanafunzi anayeoanisha maneno kwa sura zake atakosea.

Kiswahili kina njia iliyo salama zaidi. Wasemaji wengi wa Afrika Mashariki husema «presha ya kupanda» na «presha ya kushuka»: vitenzi viwili visivyofanana hata kidogo. Tena, kauli ya kutendesha hutenga hali na kisababishi chake: presha hushuka, dawa hushusha. Kinyume chake, mtafsiri anayeandika «haipa-» na «haipo-» huhamisha mkanganyiko wote wa Kiingereza, na kuuongezea mwingine, kwa maana «haipo» ni neno kamili la Kiswahili. Kabla ya kukopa istilahi, yafaa kwanza kusikiliza usemi wa wagonjwa wenyewe.