Kwa Nini Waya wa Kengele Ulikatika

Kengele ya shule yetu ni kipande cha reli chenye uzito wa kilo 20. Huning'inia katikati ya waya uliofungwa kwenye miembe miwili iliyoachana meta 4. Waya ulikuwa umelegea, na mimi, kiranja wa zamu, niliona haupendezi. Mzee mlinzi alinionya, "Uache hivyo, mwanangu." Sikumsikia. Niliteremsha reli, nikaukaza waya mpaka ukakaribia kunyooka, kisha nikarefusha mnyororo ili wadogo waifikie reli. Siku ya tatu waya ulikatika, reli ikaanguka hatua moja tu kutoka kwa mwanafunzi wa Kidato cha Kwanza.

Wenzangu walisema kamba hukatikia pabovu. Lakini waya ule ulikuwa mpya. Basi naomba nilieleze kosa langu kwa hesabu.

Nguvu inayovuta kwa mshazari hufanya kazi mbili pamoja: sehemu yake moja huvuta wima, na nyingine huvuta mlalo. Katika waya wetu, sehemu ya wima ndiyo inayobeba reli. Sehemu za mlalo, ya kushoto na ya kulia, hushindana tu bila kuinua kitu.

Reli huvuta chini kwa nyutoni 200 hivi. Kwa hiyo kila upande wa waya hauna budi kuinua nyutoni 100. Zamani waya ulishuka meta 1.5 kwa kila meta 2 za mlalo. Sehemu za nguvu hufuata mwinamo huo huo: wima ikiwa 100, mlalo ni 133. Tukiziunganisha kwa kanuni ya pembetatu mraba, mvuto wa waya ni nyutoni 167.

Nilipoukaza, ulishuka sentimeta 10 tu kwa meta 2, yaani moja kwa ishirini. Wima ni 100 vilevile, maana reli ni ile ile. Lakini mlalo sasa ni 2,000! Mvuto uliongezeka mara 12.

Waya ulionyooka kabisa hauna sehemu ya wima hata kidogo, wala hauwezi kubeba hata kifaranga. Kwa hiyo, msomaji, ukiona nyaya za umeme zimelegea kati ya nguzo, usidhani mafundi ni wavivu.

Waya wa kengele sasa umelegezwa tena, nami nimekwisha kumwomba radhi mzee wetu.