Mafuta "Yasiyo na Kolesteroli" na Moyo Wako

Kila tunapokaa na jumuiya ndogo ndogo za Kikristo huku Kangemi, Kawangware au Uthiru kuzungumzia afya, kuna swali ambalo halikosi. Mama anasimama na kuuliza: "Sisi nyumbani tunapikia mafuta ya kopo, na kopo lenyewe limeandikwa halina kolesteroli. Sasa mbona mzee ameambiwa hospitalini kwamba kolesteroli yake iko juu?" Wengine wanatingisha kichwa, maana nao wamejiuliza hivyo hivyo. Swali hili ni la maana, na katika ukurasa huu tunataka kulijibu kwa utaratibu.

Kwanza tuondoe jambo moja. Wengi wetu bado tunafikiri kwamba huu ni ugonjwa wa wakubwa wa Lavington na Loresho, watu wa gari na kitambi. Si hivyo. Sisi tunaozunguka mitaani tumeona fundi wa viatu, kondakta wa matatu na mama mboga wakipatwa na kiharusi. Mtu analala mzima, asubuhi mdomo umepinda na mkono hauinuki. Majirani wanaanza kunong'ona kwamba ametupiwa kitu. Jumuiya inachanga, harambee inaitishwa, mtoto wa sekondari anakaa nyumbani muhula mzima, na yule aliyekuwa akileta unga sasa ndiye analishwa kwa kijiko. Mara nyingi mishipa ya huyo mtu ilikuwa ikiharibika miaka kumi au ishirini bila yeye kujua. Kolesteroli haiumi. Haileti homa wala kikohozi. Na mtu mwembamba anaweza kuwa nayo nyingi kuliko mnene.

Kolesteroli ni nini? Ni kitu kinachofanana na nta, na mwili hauwezi kuishi bila hicho. Sehemu kubwa ya kolesteroli inatengenezwa na ini letu wenyewe, hatuinunui sokoni. Ini huituma kwenye damu ikiwa imebebwa na vibebeo vidogo sana. Kibebeo kimoja, ambacho kwenye karatasi ya maabara kimeandikwa LDL, kikizidi huacha mzigo wake kwenye kuta za mishipa ya damu, na hapo panakuwa na utando mgumu unaoifanya mishipa iwe myembamba. Ndiyo maana watu huiita kolesteroli mbaya. Kingine, HDL, husaidia kurudisha mzigo kwenye ini. Utando ule ukipasuka, damu inaganda hapo hapo na njia inaziba. Njia iliyozibwa ikiwa ni ya moyo, huo ni mshtuko wa moyo. Ikiwa ni ya ubongo, hicho ni kiharusi.

Sasa turudi kwa kopo. Kopo halidanganyi. Kolesteroli hupatikana katika vyakula vya wanyama tu, yaani nyama, maini, mayai, maziwa, siagi na samaki. Hakuna mmea ulio nayo kwa kiasi cha kuhesabika. Kwa hiyo mafuta yoyote yaliyotoka kwenye mmea yanaweza kuandikwa "hayana kolesteroli", na maandishi yakawa ya kweli. Taabu ni kwamba kopo linajibu swali ambalo si kubwa. Swali kubwa ni hili: mafuta hayo yakifika mwilini yanaliambia ini lifanye nini?

Ini lina kitu kama milango, ambayo kwayo linaichukua ile kolesteroli mbaya kutoka kwenye damu. Ukila kwa wingi mafuta ya aina inayoganda, milango hiyo inapungua, na kolesteroli inabaki ikizunguka kwenye damu. Ukila mafuta ya aina isiyoganda badala yake, milango inaongezeka. Mafuta mengi ya kopo tunayopikia Nairobi yanatokana na mawese, ambayo kwa sehemu kubwa huletwa kwa meli kutoka Malaysia na Indonesia. Katika mafuta ya mawese, karibu nusu ni ya aina inayoganda. Katika alizeti ni kama asilimia 11, mahindi kama 13, soya kama 15. Nazi, ambayo ndugu zetu wa Pwani wanaipenda sana, inapita asilimia 80. Hivyo mafuta yanaweza kukosa kolesteroli kabisa na bado yakapandisha kolesteroli yako.

Kuna kipimo cha bure ambacho kila mama wa Nairobi anaweza kukifanya. Mwezi wa Julai, ile baridi ikishika, angalia chupa yako asubuhi. Mafuta ya alizeti yanabaki maangavu na kumiminika. Yale ya kupima kwenye duka la mtaa, ambayo mwenye duka anakuambia ni "salad", mara nyingi yanaingia ukungu mweupe na kuanza kushikana chini. Hayo yana mawese ndani yake, hata kama mwezi wa Februari yalikuwa yanatiririka kama maji. Yanayobaki magumu hata wakati wa jua kali, yaani ya kopo, yana mafuta mabaya zaidi. Zamani viwanda vilikuwa vikigandisha mafuta ya maji nusu nusu, na njia hiyo ilileta aina nyingine ya mafuta inayopandisha kolesteroli mbaya na kushusha nzuri kwa wakati mmoja. Mwaka 1998 hakuna aliyekuwa akituambia habari hiyo mitaani. Mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani liliziomba nchi zote ziyaondoe mafuta ya namna hiyo kwenye chakula ifikapo mwaka 2023. Ukiona kwenye pakiti ya biskuti au marjarini maneno yanayosema mafuta "yamegandishwa" kwa sehemu, rudisha pakiti kwenye rafu.

Tunajua utakachosema: alizeti ni bei ghali. Ni kweli, na hatutaki kumwambia mtu anayelipwa kwa siku anunue chupa ya bei ya Westlands. Tunachoshauri ni kupunguza kwanza kiasi, halafu ile pesa iliyobaki ndiyo ikusaidie kubadilisha aina. Siku ukifungua kopo jipya, andika tarehe kwa kalamu kwenye kifuniko. Likiisha, hesabu. Familia ya watu watano ikimaliza kilo moja kwa siku kumi, kila mtu amekula gramu 20 kwa siku, yaani kijiko kikubwa kimoja na karibu nusu. Na hapo hatujahesabu mandazi ya asubuhi, chapati ya Jumapili wala chipsi za mjini. Sukuma wiki haihitaji kuogelea. Kitunguu kikaangwe kwa kijiko kimoja, nyanya ifuate, maji kidogo, kisha mboga mwishoni, ufunike dakika chache. Omena nayo ikichemshwa kwa nyanya na limau ni tamu, na haijambo kuliko ile iliyokauka kwa kukaangwa.

Wanaofanya kazi katikati ya jiji wana shida ya peke yao. Kuanzia Tom Mboya mpaka River Road, chakula kinachonukia vizuri na kushibisha haraka ni chipsi. Mafuta ya kukaangia yanachemshwa asubuhi, mchana na jioni, yanaongezwa tu bila kumwagwa, mpaka yanakuwa meusi. Mafuta yaliyochoka namna hiyo si mazuri kwa mishipa hata kama yalianza yakiwa mema. Lakini katika mitaa hiyo hiyo kuna vibanda na hoteli ndogo zinazouza githeri, ndengu, maharagwe na managu, na mara nyingi sahani yake si ghali kuliko chipsi na soseji. Hapa tunataka kusisitiza, kwa sababu maharagwe yanadharauliwa kama chakula cha shule. Ini hutumia kolesteroli kutengeneza nyongo ya kusagia mafuta. Zile nyuzinyuzi laini zilizo ndani ya maharagwe, ndengu na kamande hushika nyongo hiyo tumboni na kutoka nayo chooni. Ini likikosa nyongo linalazimika kuchukua kolesteroli nyingine kutoka kwenye damu ili litengeneze mpya. Kwa hiyo sahani ya ndengu inaishusha kolesteroli wewe ukiwa kazini. Ongeza kipande cha avokado, ambayo mafuta yake ni ya aina njema, na msimu wake ukifika Kangemi inauzwa kwa bei ya kila mtu. Hiyo hiyo yaweza kupakwa kwenye mkate badala ya marjarini.

Nyama hatujaikataza. Dagoretti iko karibu na machinjio yake, na jioni mutura iko kwenye moto kila kona. Kula nyama mara moja au mbili kwa wiki, toa lile tabaka jeupe kabla ya kupika, na supu ya kichwa au ya matumbo iache ipoe, uondoe mafuta yaliyoganda juu ndipo uipashe tena. Ngozi ya kuku iache. Mayai yanaogopwa kupita kiasi: kiini kina kolesteroli kweli, lakini kwa watu wengi yai moja la kuchemsha halipandishi damu kama yanavyopandisha mafuta yanayoganda. Mwenye kisukari au ambaye namba zake ziko juu sana amuulize daktari wake.

Wazee wanapenda kutupinga kwa mfano wa Wamasai, na hoja yao ina uzito. Mwaka 1964 daktari George Mann wa Marekani na wenzake walichapisha habari za wanaume wa Kimasai wapatao 400 waliowapima huko Tanganyika. Watu hao waliishi kwa maziwa na nyama, lakini kolesteroli yao ilikuwa chini na dalili za ugonjwa wa moyo zilikuwa chache sana. Wengi huishia hapo. Mwaka 1972 Mann alichapisha uchunguzi wa maiti 50 za Wamasai, na safari hii ilionekana kwamba utando wa mafuta kwenye mishipa ulikuwepo, ila mishipa yenyewe ilikuwa mipana kuliko kawaida, na damu ilipata nafasi. Mann aliamini kwamba upana huo ulitokana na maisha ya kutembea na mifugo tangu utotoni. Mzee anayekula nyama kama Mmasai lakini anaketi dukani Kabiria tangu saa mbili asubuhi mpaka saa tatu usiku amechukua nusu tu ya maisha ya Mmasai.

Jiji lenyewe lina mkono wake. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 1990 uliwafuata Waluo waliotoka vijijini karibu na Ziwa Victoria wakahamia Nairobi, ukawalinganisha na wenzao waliobaki nyumbani. Baada ya muda mfupi tu mjini, presha yao ilikuwa juu kuliko ya waliobaki, uzito umeongezeka, na mkojo ulionyesha chumvi zaidi na dalili za mboga na matunda kupungua. Utafiti huo ulihusu presha, si kolesteroli, lakini hawa wawili ni ndugu: presha inakwaruza kuta za mishipa na kolesteroli inajaza pale palipokwaruzwa. Anayekwenda Industrial Area kwa miguu kutoka Kawangware hahitaji mahubiri juu ya mazoezi. Tunawasema askari wa geti, dereva, mwenye bodaboda, karani. Nusu saa ya kutembea kwa haraka, siku tano kwa wiki, inatosha kuanzia. Ukishuka Westlands na kumalizia kwa miguu mpaka mjini kukiwa kumepambazuka, utatumia kama dakika 45, na siku ya msongamano utafika kabla ya matatu yako.

Kuna jambo gumu kuliko bei, nalo ni heshima. Mgeni akija, hasa padre, mama anaona aibu supu isipoonyesha macho ya mafuta juu. Harusi bila pilau inayong'aa inasemwa mwaka mzima. Hata Kwaresima tunaacha nyama siku ya Ijumaa halafu tunanunua samaki aliyezamishwa kwenye mafuta, kana kwamba mfungo ni wa ng'ombe. Tungependa viongozi wa jumuiya waanze wao, wamwambie mwenye nyumba mapema kwamba nduma, viazi vitamu na chai isiyojaa sukari vinatosha.

Sigara tuseme kwa kifupi: inashusha kolesteroli nzuri na kuharibu kuta za mishipa, na hakuna chakula kitakachofuta hasara yake. Pombe nyingi inapandisha presha pamoja na mafuta mengine ya kwenye damu.

Kupima ndiyo njia pekee ya kujua. Inachukuliwa damu kidogo, na kliniki nyingine zitakuambia uje kabla ya kula. Kwa mtu mzima asiye na ugonjwa mwingine, jumla iliyo chini ya 5 na LDL iliyo chini ya 3 kwa kawaida huhesabiwa kuwa nzuri. Mwenye baba au ndugu wa kiume aliyepata mshtuko wa moyo kabla ya miaka 55 asingoje uzee, maana kuna kolesteroli ya kurithi ambayo chakula peke yake hakiishushi vya kutosha. Mwenye kisukari au presha naye apime. Anayetumia dawa za kupunguza makali ya ukimwi aulize kliniki yake, kwa sababu baadhi ya dawa hizo zinaweza kupandisha mafuta kwenye damu. Aulize tu, asiziache.

Wale vijana wanaopanda matatu na chupa za "kusafisha mishipa" wanauza maneno. Utando ulio kwenye mshipa hausuguliwi kwa majani, na kitunguu saumu ni kiungo kizuri kisichochukua nafasi ya dawa. Daktari akikuandikia vidonge vya kupunguza kolesteroli, endelea navyo hata namba ikishuka, kwani imeshuka kwa sababu unavimeza. Ukipata maumivu ya misuli rudi ukamwambie. Mama anayetarajia kupata mimba amwarifu daktari mapema, maana dawa hizo kwa kawaida husimamishwa wakati wa ujauzito. Na karatasi ya majibu ya zamani usiitupe wala kuifungia sukari. Ibebe kila unapokwenda kliniki ili waone namba ilikotoka.