Orodha yako ya kazi ikae kwako mwenyewe



Mwaka jana niliacha akaunti yangu wazi kwenye kafe moja ya mtaani. Kesho yake nakuta orodha yote ya kazi za wateja imefutwa. Mteja mmoja nikamsahau kabisa, hela ikaenda. Kosa langu, sikatai. Ila kilichoniuma zaidi ni kwamba sikuwa na kopi.

Na hata ukiwa makini, mwenye huduma anaweza kufunga duka. Mnaikumbuka Wunderlist? Microsoft waliinunua 2015, Mei 2020 wakaifunga. Ndio maana siku hizi wapo wanaoweka orodha kwenye seva yao wenyewe. Programu zipo, tena za bure. Uchague ipi? Inategemea una nini mkononi.

Huna seva wala hela: anza na todo.txt, aliyoianzisha Gina Trapani 2006. Ni faili la maandishi tu, kila mstari kazi moja. Ukianza na (A) ni ya haraka, alama ya + ni mradi, @ ni mahali, ukimaliza unaanza mstari na x. Inafunguka hata kwa Notepad, unatembea nayo kwenye flashi.

Una hosting ya kawaida ya bei poa: jaribu myTinyTodo. Inatumia PHP, na data unaweza kuiweka kwenye SQLite, yaani faili moja tu. Ukijua CSS kidogo unabadili rangi na muonekano utakavyo.

Mko kikundi na mna seva yenu: Vikunja. Ina tarehe za mwisho, lebo, ubao wa kanban, na mnagawiana kazi. Lakini hii haikai kwenye hosting yoyote tu, inataka seva unayoitawala mwenyewe.

Sasa msijidanganye: seva ikiwa yako, mlinzi ni wewe. Weka nywila ngumu, tumia HTTPS, zima kujisajili kwa wageni, na kila wiki shusha kopi. Ukiwa kafe, fungua dirisha la faragha na utoke kwenye akaunti kabla dakika zako hazijaisha.

Mimi nimebaki na todo.txt, kopi mbili, flashi na barua pepe. Si ya kishua, ila mteja hasahauliki tena.

Nyie mnatumia ipi? Mwageni maoni hapo chini.