Mjusi, mjusi kafiri, kenge au salamanda? Kuteua neno linalomfaa mnyama

Tuseme mwalimu mmoja mjini Bariadi amepewa mwongozo mfupi wa Kiingereza unaowaeleza watoto namna ya kuchagua "lizard", "gecko" au "salamander" wa kukaa naye nyumbani, naye ameombwa autafsiri kwa Kiswahili. Akitegemea kamusi ndogo, huenda akapata neno moja kwa wanyama wote watatu: mjusi. Sentensi zake zitasomeka vyema, ila atakayezifuata anaweza kumuua mnyama wake. Tutazame kila neno na mipaka yake.

Mjusi

Hili ni jina la jumla la watambaazi wenye magamba, miguu minne na mkia mrefu. Mkoani Simiyu kielelezo kizuri ni mjusi wa mawe anayeota jua juu ya miamba, hasa upande wa Serengeti. Dume lake lina kichwa na mabega ya rangi ya waridi au nyekundu, na sehemu ya nyuma ya buluu. Wanasayansi humwita *Agama mwanzae*, jina linalotokana na Mwanza. Ughaibuni wapenzi wa mijusi wamempachika jina la Spider-Man kwa sababu ya rangi hizo. Mjusi wa namna hii huhitaji jua na joto ili mwili wake ufanye kazi. Kwake, agizo la kuweka taa ya joto ni sahihi.

Mjusi kafiri

Ni mjusi mdogo wa nyumbani, mwenye ngozi laini, anayetoka usiku kuwinda wadudu karibu na taa. Hutembea ukutani na darini kwa sababu vidole vyake vina nywele ndogo mno zinazonata bila gundi. Neno *kafiri* halielezi maumbile yake. Wengi hulihusisha na simulizi ya Kiislamu kwamba mjusi huyu aliupuliza moto aliotupwa Nabii Ibrahimu. Hana sumu, na hula mbu na nondo.

Je, kila "gecko" ni mjusi kafiri? La. Yule anayefugwa sana Ulaya na Marekani, *Eublepharis macularius*, asili yake ni nchi kavu za Pakistani, Afuganistani na jirani zake. Hana vidole vya kunata, hivyo hawezi kupanda kioo, na ana kope ilhali mjusi kafiri wa nyumbani hana. Mtafsiri akimwita mjusi kafiri, msomaji wa Bariadi atamfikiria yule wa ukutani kwake. Ni salama kuandika *mjusi wa jamii ya mjusi kafiri*, kisha jina la kisayansi.

Tahadhari kama hiyo inahitajika kwa mjusi wa Australia ambaye Waingereza humwita "bearded dragon". *Joka lenye ndevu* litamtisha mtoto bila sababu. *Mjusi ndevu* latosha.

Kenge, guruguru na kinyonga

*Kenge* ni mjusi mkubwa sana, mwenye ulimi uliogawanyika kama wa nyoka. Wa majini huonekana kando ya mito na Ziwa Viktoria, ambalo wilaya ya Busega inapakana nalo. Methali husema kwamba katika msafara wa mamba na kenge wamo, maana kwa mbali wawili hao hufanana. *Guruguru* ni mjusi mkubwa aishiye mashimoni. *Kinyonga*, aitwaye pia lumbwi au kigeugeu, hubadili rangi. Wote ni jamii ya mijusi, lakini pale Kiswahili kina jina mahususi, kuandika *mjusi* tu ni kupoteza maana.

Salamanda

Hapa ndipo kosa huleta madhara. Salamanda ana umbo la mjusi, lakini si mtambaazi. Ni amfibia, ndugu wa chura. Hana magamba. Ngozi yake ni ya majimaji na hupitisha hewa. Baadhi ya jamii hazina mapafu kabisa. Wengi wao hupenda baridi na unyevu. Mtu akisoma *mjusi*, akamweka juani mchana wa Bariadi au chini ya taa ya joto, ngozi itakauka na mnyama atakufa.

Afrika kusini mwa Sahara haina salamanda wa asili. Barani humu wanapatikana kaskazini tu, kama Moroko na Aljeria. Ndiyo maana Kiswahili hakikuwa na jina lake, na ukopaji ni wa haki. Andika *salamanda*, na mara ya kwanza ongeza ufafanuzi: *amfibia mwenye mkia*.

Kufuga

Katika mkoa wa wafugaji wa ng'ombe na mbuzi, *kufuga* huleta wazo la mifugo na faida. Kwa mnyama wa kuliwaza moyo, *mnyama kipenzi* huondoa utata. Tena mjusi wa porini ni *mnyamapori*, na neno hilo lina uzito wa kisheria. Chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009, kukamata mnyamapori bila kibali ni kosa, na mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilizuia usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi. Biashara hiyo ina majeruhi wake: *Lygodactylus williamsi*, mjusi mdogo wa buluu wa msitu wa Kimboza, Morogoro, alikamatwa kwa wingi hata akawa hatarini kutoweka, na tangu 2017 biashara ya kimataifa ya wale wa porini imepigwa marufuku. Kwa hiyo agizo "chagua mjusi" lisitafsiriwe kana kwamba ni "kamata mjusi".

Upatanisho wa kisarufi

Majina haya yote hufuata upatanisho wa viumbe hai, vyovyote wingi wake uwavyo:

– Mijusi wengi wametoka (si: mijusi mingi imetoka).
– Vinyonga wawili wamepanda mti (si: vinyonga viwili vimepanda).
– Kenge yule, kenge wale. Salamanda huyu, salamanda hawa.

Kwa mwalimu wetu wa Bariadi, basi, kichwa cha mwongozo kinaweza kusomeka hivi: *Namna ya kuchagua mjusi au salamanda wa kukaa naye nyumbani*. Mjusi kafiri hana haja ya kutajwa peke yake hapo, kwa kuwa naye ni mjusi. Salamanda lazima atajwe, kwa kuwa yeye siye.