Viashiria vya Damu katika Kutabiri Hali ya Wagonjwa wa Kushindwa kwa Moyo: Mazingira ya Arua na Koboko

Mgonjwa wa kushindwa kwa moyo anayeruhusiwa kutoka Hospitali ya Rufaa ya Arua na kurejea Koboko, zaidi ya kilomita 50 kaskazini, karibu na mipaka ya Kongo na Sudan Kusini, huenda asionwe tena na daktari hadi miguu ivimbe upya. Siku ya kuruhusiwa, tabibu huamua nani arudi baada ya wiki moja na nani anaweza kungoja mwezi. Uamuzi huo si mdogo. Katika utafiti wa THESUS-HF, uliofuatilia wagonjwa 1,006 katika nchi 9 za Afrika, Uganda ikiwamo, kati ya 2007 na 2010, wastani wa umri ulikuwa miaka 52 na takribani asilimia 18 walifariki ndani ya miezi sita. Makala haya yanaeleza ni kwa kiasi gani damu inaweza kusaidia uamuzi huo.

Kiashiria kinachotajwa zaidi ni peptidi ya natriuretiki ya aina B. Watafiti wa Japani waliitambua mwaka 1988 katika ubongo wa nguruwe, na kwa sababu hiyo ikapewa jina la ubongo, ingawa chanzo chake kikuu ni moyo. Kuta za ventrikali zinapovutwa na wingi wa damu, seli zake hutoa molekuli tangulizi ambayo hukatwa vipande viwili. Kimoja, BNP, huzihimiza figo kutoa chumvi na maji. Kingine, NT-proBNP, hakijulikani kuwa na kazi yoyote mwilini. Hata hivyo, hicho ndicho kinachofaa zaidi kwa Koboko. BNP huanza kuharibika saa chache baada ya damu kutolewa, ilhali NT-proBNP hustahimili joto la chumba kwa siku kadhaa. Sampuli yake inaweza kusafirishwa kwa pikipiki za mtandao wa sampuli ambao Uganda iliujenga kwanza kwa ajili ya kupima Virusi vya UKIMWI kwa watoto wachanga.

Ugumu uko katika kuisoma namba. Pikogramu 300 kwa mililita ni kizingiti cha kuondoa shaka ya kushindwa kwa moyo kwa ghafla. Hakimwambii tabibu nani atakufa. Umri mkubwa, figo dhaifu, mapigo yasiyo na mpangilio na selimundu huipandisha namba hiyo, na unene huishusha. Isitoshe, ushahidi mwingi wa utabiri umetokana na wazee wa Ulaya na Marekani wenye mishipa ya moyo iliyoziba. Katika THESUS-HF chanzo hicho hakikufika asilimia 8. Shinikizo la juu la damu lilikaribia asilimia 45, na madhara ya homa ya baridi yabisi asilimia 14. Kuazima vizingiti bila kuvipima upya ni kumpimia mtu nguo kwa mwili wa jirani.

Njia salama zaidi ni kumlinganisha mgonjwa na nafsi yake. NT-proBNP inaposhuka kwa asilimia 30 au zaidi kati ya kulazwa na kuruhusiwa, matarajio huwa mema. Isiposhuka, mgonjwa huyo ndiye wa kurudi baada ya wiki. Lakini hilo lahitaji vipimo viwili, yaani gharama maradufu.

Kabla ya gharama hiyo, viko viashiria visivyo na fahari. Kreatinini iliyopanda, sodiamu iliyoshuka na himoglobini ndogo vyote huashiria hatari, na hupimwa kwa mashine za kawaida za maabara. Kununua kitendanishi cha NT-proBNP ilhali kreatinini haipimwi kwa kila anayelazwa ni kuanza jengo kwa paa. Vilevile, tokeo baya lisilobadilisha tarehe ya kurudi wala dozi ya furosemaidi halimsaidii yeyote.

Limebaki suala la lugha. Neno “kushindwa” humfanya msikilizaji adhani moyo umekwisha kazi, naye huona kliniki haina faida tena. Muuguzi anayemweleza mgonjwa namba iliyoshuka, kwa Kilugbara mjini Arua au kwa Kikakwa na Kinubi huko Koboko, anahitaji maneno yanayosema kwamba moyo umechoka na bado unafanya kazi.