Umeumia kibaruani Kitengela? 'Pole' ya bosi si fidia

KIJANA akitoka Mashuuru kuja Kitengela kusaka kibarua, huwa haulizi maswali mengi. Akipata mjengo, timbo la mawe au kiwanda upande wa Athi River, anashika kazi. Helmeti hana, glavu hana, na barua ya ajira ndiyo kabisa hajawahi kuiona.

Shida huanza siku jiwe likimponda mguu au mashine ikimkata kidole. Anafungwa bendeji, anapewa nauli na 'pole', kisha anaambiwa akapumzike nyumbani. Akirudi, nafasi yake ina mtu mwingine.

Wengi huishia hapo wakidhani kibarua hana haki. Si kweli. Mkataba wa mdomo pia ni mkataba. Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007, maarufu kama WIBA, inamtaka mwajiri awakatie wafanyakazi bima na agharimie matibabu, hata usafiri wa kwenda hospitalini.

Sasa ufanyeje ukiumia?

Kwanza, mjulishe bosi mara moja. Ana siku 7 za kuripoti ajali kwa idara ya usalama na afya kazini, DOSH. Mtu akifariki, ni saa 24.

Pili, hakikisha fomu ya DOSH imejazwa na mwajiri na daktari.

Tatu, weka ushahidi: picha, stakabadhi za hospitali, nambari za simu za wenzako walioshuhudia. Usifute jumbe za M-Pesa za malipo yako. Zinaonyesha nani alikuwa anakulipa.

Usikimbilie kortini. Desemba 2019, Mahakama ya Juu iliamua kwamba madai haya yaanzie DOSH. Usiporidhika na uamuzi wao, una siku 60 za kuupinga, na baadaye unaweza kukata rufaa katika Mahakama ya Ajira.

Na pesa? Fidia ya ulemavu wa kudumu hupigiwa hesabu kwa mshahara wa miezi 96. Kwa mfano, ukilipwa Sh15,000 kwa mwezi na ulemavu ukadiriwe kuwa asilimia 10, hiyo ni Sh144,000. Linganisha na ile nauli uliyopewa.

Ila usizubae. Madai huwasilishwa ndani ya miezi 12 tangu siku ya ajali. Bosi akikuzungusha, nenda DOSH mwenyewe, na usitie sahihi karatasi yoyote usiyoielewa.