Kupiga Picha za Vimondo Mlimani

Wasikilizaji wetu, watu husema nyota zaanguka, sivyo. Kila mwaka, usiku wa kuamkia tarehe 14 Desemba, dunia yetu hupita katika vumbi la jabali la angani liitwalo Phaethon. Chembe zake, ndogo kama mchanga, huingia hewani kwa mwendo wa kilomita 35 kwa sekunde, zikawaka. Hivyo ndivyo vimondo.

Ili tuvipige picha, twapanda mlimani, tukiacha ukungu na vumbi chini. Kimondo hutoweka kabla mkono haujaigusa kamera. Basi twaiweka juu ya miguu mitatu, twafungua jicho lake sekunde 20, twafunga, twafungua tena, hata alfajiri. Tukizidisha sekunde, nyota hugeuka mistari, kwani dunia yazunguka. Tukisahau kufuta umande kiooni, usiku wote umepotea. Picha nyingi huwa tupu. Ile yenye kimondo ndiyo malipo ya subira.